Ukija Japani usiishie Kyoto: njoo bonde la Iya (uzi wa vijiji visivyo na foleni)

#1 Nyumbu Mpole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nipo Okayama mwaka wa tatu sasa, nasoma. Haupiti mwezi sijapata ujumbe kutoka nyumbani: "Kaka, nakuja Japani siku kumi, nipangie ratiba." Nikiuliza anataka kuona nini, jibu ni lile lile: Tokyo, Kyoto, Mlima Fuji na ile treni inayokimbia kama risasi.

Sikatai, ni pazuri. Ila mwaka 2024 nchi hii ilipokea wageni milioni 36.87, na mimi nahisi wote tulikutana Kyoto siku moja. Ile njia ya malango mekundu ya Fushimi Inari niliipanda yote nikiangalia kisogo cha mtu aliyekuwa mbele yangu. Nilirudi na picha moja tu ya maana, na hiyo nayo ina kiwiko cha mtu nisiyemjua.

Basi nafungua uzi huu kwa ajili ya huko kwingine, mashambani na milimani, nilikofika kwa miguu yangu mwenyewe. Nitakaa sana kwenye sehemu moja kwa sababu nimekwenda mara nne na bado sijashiba: bonde la Iya, mkoa wa Tokushima, kisiwa cha Shikoku. Nyingine nitazigusa nikipata muda kati ya vipindi.

Kufika ni hivi. Okayama unapanda treni ya Nanpu iendayo Kochi. Inavuka bahari juu ya daraja la Seto Ohashi, lililofunguliwa mwaka 1988, na chini unaona visiwa vidogo vidogo kama mtu kamwaga kunde. Halafu inaingia milimani, inafuata mto Yoshino, na baada ya saa mbili hivi unashuka Oboke. Herufi za jina hilo zinasomeka "hatua kubwa, hatari". Kituo kilichotangulia kinaitwa Koboke, "hatua ndogo, hatari". Yaani ukinyoosha mguu umekwisha, ukiubana pia umekwisha. Ukichungulia korongo lile dirishani utawaelewa waliolipa jina.

Naendelea jioni.

#2 Mlalahoi Mstaafu

Naweka kambi hapa. Chai ninayo, karanga ninazo.

#3 Dereva wa IT

Mkuu, picha ziko wapi? Uzi wa safari bila picha ni pilau bila nyama.

#4 Nyumbu Mpole

Dereva, picha zinakuja, intaneti ya bweni leo inatambaa. Kwa sasa kula wali mkavu.

Kinachowavuta watu wachache wanaofika Iya ni daraja la Kazurabashi. Limesukwa kwa mitambaazi ya porini, ukoo mmoja na mti wa tunda la kiwi. Urefu wake mita 45, na kutoka daraja hadi majini ni mita 14. Sakafu ni vijiti vilivyofungwa kimoja kimoja, na kati ya kijiti na kijiti kuna nafasi ya kutosha mguu wa mtoto kuzama. Unalipa (nilipokwenda ilikuwa yen 550), unavuka upande mmoja tu, hakuna kurudi. Nilimkuta baba mmoja mnene wa kutoka Osaka ameganda katikati, ameshika kamba kwa mikono miwili, mkewe anacheka upande wa pili. Nilimcheka na mimi, mpaka zamu yangu ilipofika.

Siku hizi wamepitisha nyaya za chuma ndani ya ile mitambaazi, kwa usalama. Wengine wanasema hiyo ni kudanganya. Mimi nilipofika katikati niliiombea dua ile chuma.

Ninachokipenda zaidi: kila baada ya miaka 3, majira ya baridi, daraja linafumuliwa lote na kusukwa upya. Kwa hiyo ukiuliza lina umri gani, jibu lipo la miaka 2 na lipo la karne kadhaa, na yote ni sawa. Hakuna fundi wa zamani aliyeacha daraja. Kilichoachwa ni ujuzi wa kulisuka, na kizazi kikikosa mtu wa kupanda msituni kukata mitambaazi, basi hakuna daraja.

Kwa nini mitambaazi wakati mawe yapo tele? Wenyeji wanasimulia habari mbili. Moja inamtaja mtawa Kobo Daishi, aliyefariki mwaka 835, ambaye Shikoku nzima wamempa kila kitu kisichojulikana kimeanzaje. Ya pili ni ya vita. Mwaka 1185 ukoo wa Taira ulipigwa na ukoo wa Minamoto huko Yashima, pwani ya kisiwa hikihiki, na baadaye ukamalizwa kabisa baharini kule Dan-no-ura. Inasemekana mabaki yao walikimbilia milima hii. Daraja la mitambaazi ukisikia adui anakuja unalikata kwa panga, ukamwacha ng'ambo anatukana. Ushahidi wa maandishi hakuna, lakini ukisimama pale hadithi hii ya pili inakuingia mwilini.

Tahadhari: hapo darajani mchana mabasi ya watalii yanafika. Nenda asubuhi mapema. Au panda zaidi bonde la juu, Oku-Iya, yako mawili pamoja, wanayaita la mume na la mke. Pembeni yake kuna kikasha cha mbao kinachoning'inia kwenye kamba. Unakaa ndani unajivuta mwenyewe kwa mikono hadi ng'ambo. Siku niliyokwenda tulikuwa watu 3 na kunguru.

#5 Dereva wa IT

Hapo kwenye kupanda zaidi, usafiri upoje? Naweza kukodi gari? Maana mimi hizi gari zao nimeziendesha kutoka bandarini hadi Lubumbashi, sijawahi kuziona kwao.

#6 Nyumbu Mpole

Dereva, ungefurahi. Wanaendesha kushoto kama sisi, na kila mzee kijijini ana kirikuu. Kirikuu hasa, Suzuki Carry nyeupe, iliyopakia majembe na mbwa. Mara ya kwanza nilihisi nipo Mbezi.

Ila kwenye leseni kuwa makini. Japani inakubali kibali cha kimataifa cha mkataba wa Geneva wa 1949 tu. Uganda, Rwanda na Kongo zimo. Tanzania na Kenya nilipoangalia orodha sikuziona. Usije na kile kijitabu ukadhani umemaliza. Uliza ubalozini kabla hujalipia gari. Mimi niliishia kupanda mabasi.

Na mabasi ya Iya ndiyo yaliyonifundisha adabu. Ni machache mno. Siku ya kwanza nilisoma ratiba ya siku za wiki, kumbe ilikuwa Jumapili. Saa kumi jioni nimesimama kituoni peke yangu, jua limeshazama nyuma ya mlima maana bonde lenyewe ni jembamba kama kisima, simu chaji asilimia 9. Nikaanza kutembea.

Baada ya kama dakika 40 kirikuu ikasimama. Bibi, umri wa mama yake mama yangu, kofia ya shambani, buti za mpira. Kijapani cha kule kizito, nilishika nusu. Akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Kimya. Nikasema Afrika, Mlima Kilimanjaro. "Aaa, Kirimanjaro! Kōhī!" Kumbe kahawa yetu huku inauzwa kwa jina la mlima, na mzee wa kijijini asiyejua Dodoma wala Dar anaijua. Nikapanda.

Alinipeleka kwake, sehemu inayoitwa Ochiai. Naombeni mnisikilize vizuri hapa.

Ochiai si kijiji kilichoko mlimani. Ni kijiji kilichosimamishwa wima. Kati ya nyumba ya chini kabisa na ya juu kabisa kuna tofauti ya mita 390 za kwenda juu. Nyumba zimeshikwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kati yake ni mashamba: viazi vidogo, soba (nafaka ya kusaga unga wa tambi), chai, mboga. Mashamba yenyewe hayakukatwa ngazi ngazi kama ya mpunga. Ni mteremko mtupu, sehemu nyingine nyuzi 40. Mimi kusimama tu ilikuwa kazi, bibi analima.

Nikamuuliza mvua ikinyesha udongo hauondoki? Akacheka, akasema unaondoka, ndiyo maana kila mwaka anaurudisha. Ana jembe la meno, anauvuta tena juu udongo uliotelemka. Na ana nyasi. Msimu wa vuli anakata nyasi ndefu za mlimani, anazifunga na kuzisimamisha kama vibanda vyenye ncha, wanaita koeguro. Zikikauka, majira ya kuchipua anazikatakata na kuzitandaza shambani. Zinashika udongo, zinazuia magugu, zikioza zinakuwa mbolea. Ukilima huku unaiona milundo ile mlima mzima, kama watu waliochuchumaa. Shirika la chakula na kilimo duniani, FAO, mwaka 2018 liliutambua ukulima huu wa Nishi-Awa (magharibi mwa Tokushima, yaani huku huku) kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Bibi alisema alisikia hivyo kwenye redio, kisha akaendelea kumenya viazi.

#7 Mlalahoi Mstaafu

Mkuu hapo kwa bibi umelala au ulirudi? Usituache njia panda.

#8 Nyumbu Mpole

Nililala. Nilipewa futoni, blanketi 3 na bakuli la soba. Soba ya Iya ni fupi na nene, inakatika katika, maana hawaweki kitu cha kuishikilia. Usiile kwa kujionyesha na vijiti, inua bakuli unywe.

Halafu kuna dekomawashi: kiazi, tofu (jibini la soya) na konnyaku (ile jeli ya kiazi, ladha yake ni kama hakuna ladha) kwenye kijiti kimoja, vinapakwa miso (rojo la soya) na kusimamishwa kuzunguka moto katikati ya sakafu. Unavizungushazungusha viive pande zote, na jina lake linatokana na vikaragosi vya kuchezesha kwa mkono. Tofu ya huku ngumu, wazee wanasema zamani ilifungwa kamba ikabebwa begani. Nimeigonga mezani, naamini.

#9 BintiMvita

Assalaam aleikum. Ndugu yangu, simulizi tamu wallahi. Sasa sisi wa kula halali tutapona huko? Na hayo mabafu yao ya maji moto nasikia waoga uchi wote pamoja. Mie na mume wangu twataka kuja, lakini hilo la mabafu lanipa homa.

#10 Nyumbu Mpole

Waaleikum salaam dada. Vyote vina dawa.

Chakula: vijijini nyama si nyingi, samaki wa mto na mboga ndio msingi, ila hatari imejificha kwenye mchuzi. Mirin na sake, ambazo ni pombe, zinatiwa kwenye sosi nyingi, ikiwemo ya kuchovya soba. Andika kwenye karatasi kwa Kijapani: sili nguruwe, sitaki sake wala mirin. Itume kwenye nyumba ya wageni siku kadhaa kabla, si ukifika. Wenye nyumba za vijijini wanapika wakijua nani anakuja, ukiwaambia mapema wanahangaika nawe kweli. Ukiwaambia mezani utawatia aibu na wewe utalala na wali mtupu. Samaki amego aliyechomwa kwa chumvi tu huna shaka naye.

Mabafu: ndiyo, uchi, lakini wanaume kwao na wanawake kwao, mchanganyiko ni nadra. Kwa ninyi tafuteni kashikiri, bafu la kukodi, mnafunga mlango wenu. Zuri kuliko yote nililowahi kuingia lipo Yunomine, rasi ya Kii, kwenye njia za hija za Kumano. Linaitwa Tsuboyu: kibanda cha mbao juu ya kijito, ndani shimo la mwamba linalotosha watu wawili, mnapewa dakika 30 kisha mnawapisha wengine. Limo ndani ya urithi wa dunia wa UNESCO uliosajiliwa mwaka 2004. Nje kuna kisima cha maji yanayochemka, watu wanatumbukiza mayai kwenye wavu. Nunueni mayai dukani kwanza.

#11 Kijijini Kwetu

Samahani mkuu, mimi nitakuwa mwiba. Naona unatusifia vijiji vilivyokufa. Bibi wa miaka 80 analima mteremko peke yake, hiyo ni mandhari au ni msiba? Vijana wao wako wapi? Angekuwa bibi wa Makete mngeita umaskini.

#12 Nyumbu Mpole

Mwiba wako umechoma panapostahili, sitaung'oa.

Kijiji cha Nagoro, juu kabisa ya bonde lilelile. Wakazi hawafiki 30. Ukishuka basi unaona watu kituoni, mkulima shambani, mafundi wamekaa kando ya barabara, na hakuna hata mmoja anayejibu salamu. Ni sanamu za nguo na majani. Mama mmoja alirudi kutoka Osaka kumtunza baba yake, akapanda mbegu, ndege wakazila. Akatengeneza sanamu la kuwatisha, akalivalisha likafanana na babake. Kisha majirani walipokufa au kuhama akawa anawatengeneza mmoja mmoja na kuwaketisha walipokuwa wakikaa. Sasa zimepita mamia. Shule ya msingi ilifungwa mwaka 2012; ndani, wanafunzi wawili wa mwisho wamebaki madawatini, wa nguo.

Watalii wanasema inatisha. Mimi haikunitisha, ilinikalisha kimya, ambayo kwangu ni nadra. Nilimpisha njia mzee mmoja kabla sijagundua ni pamba.

Kwa nchi nzima, hesabu ya makazi ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9, asilimia 13.8 ya nyumba zote. Vijana wako Osaka na Tokyo, wanafanya kazi mpaka treni ya mwisho. Kwa hiyo ndiyo, msiba upo. Lakini mwenye msiba akikukaribisha ndani huangalii matanga tu, unakula na kuzungumza. Yule bibi hakunionyesha umaskini, alinionyesha kazi anayoijua. Na nikilala kwake nikalipa, nikanunua chai yake, ni bora kuliko yen zangu kwenda kwenye hoteli ya ghorofa 30.

Ila neno "mandhari" nitalitumia kwa tahadhari kuanzia leo.

#13 Kijijini Kwetu

Nimekuelewa. Endelea, mimi nakaa nyuma na Mlalahoi. Anigawie karanga.

#14 Nyumbu Mpole

Haya, nyingine mbili kwa haraka.

Gokayama, mkoa wa Toyama. Wengi wanakwenda Shirakawa-go, jirani yake, kuona nyumba za paa refu la nyasi lililoinama kama viganja vya mtu anayesali. Zote zimo urithi wa dunia tangu mwaka 1995. Shirakawa-go watu wamejaa hadi vyooni. Gokayama, kijiji cha Suganuma, kuna nyumba 9 za namna hiyo na mto unasikika. Lakini siri ya nyumba zile iko chini ya sakafu. Wenyeji walichimba mashimo karibu na moto, wakapanga udongo, majani ya porini na kinyesi cha viwavi wa hariri waliofugwa darini, wakaviacha vioze miaka kadhaa. Wakichuja na kuchemsha wanapata shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, inakwenda kwa mtawala wa Kaga, jimbo la zamani la huko. Utawala huohuo ulikataza madaraja kwenye mto Sho kwa sababu wafungwa walipelekwa huko. Watu walivuka ndani ya kikapu kinachovutwa kwa kamba. Linganisheni na Iya: kule walijenga daraja la kukatika, huku wakanyimwa daraja kabisa.

Ya pili ni Iwami Ginzan, mkoa wa Shimane, machimbo ya fedha yaliyoanza karne ya 16. Fedha yake ilizunguka Asia yote na kufika kwa Wareno. Machimbo yalifungwa mwaka 1923, UNESCO ikayasajili mwaka 2007. Usitegemee kuona mitambo, utaona msitu. Miti imemeza kila kitu, na kwenye miamba kuna mashimo, mengine hayatoshi mtu kusimama. Unaingia moja, Ryugenji Mabu, kiangazi linapuliza ubaridi kama friji. Inasimuliwa kwamba mchimbaji akifikisha miaka 30 walimfanyia sherehe ya uzee, kwa samaki mzima na wali mwekundu. Mtu wa Mererani au Geita akisoma hapo ataweka simu chini kidogo.

#15 Mwana wa Ziwa

Niko Kanazawa, nichangie kidogo. Wanaouliza rasi ya Noto: ule mteremko wa Shiroyone Senmaida, vijaruba 1,004 vya mpunga vinavyoshuka mpaka ufukweni, ulipasuliwa na tetemeko la tarehe 1 Januari 2024. Mwaka ule wakulima waliweza kupanda vijaruba 120 tu, na Septemba mafuriko yakaja juu yake. Wageni wanakaribishwa, lakini angalieni hali ya barabara kabla ya kuondoka na msipige picha nyumba za watu zilizoanguka.

Na kwenye misitu ya Honshu, kisiwa kikuu, hasa Akita na Iwate, dubu si utani. Mwaka 2025 waliua watu zaidi ya 10. Funga kengele kwenye begi, usitembee peke yako alfajiri.

#16 Nyumbu Mpole

Shukrani Mwana wa Ziwa. Shikoku dubu wamebaki wachache mno, karibu na Mlima Tsurugi, wanaogopa watu kuliko watu wanavyowaogopa. Kengele yangu ninafunga hata hivyo, mama alinizaa mmoja.

Mlioniuliza PM kuhusu tiketi ya treni ya nchi nzima kwa wageni: ile ya siku 7 ilipanda Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Kwa safari ya kijijini haikulipi. Nunua ya eneo moja tu.

#17 Mmatengo wa Litembo

Wakuu, nimesoma huu uzi tangu jana na nimerudi post namba 6 mara tatu. Mleta mada, hilo la nyasi hilo.

Kwetu Mbinga tunalima ngoro. Mlima mkali hivyohivyo. Mwezi wa tatu mnafyeka nyasi, mnaziacha zikauke, mnazipanga miraba miraba shamba zima. Kisha mama anachimba udongo katikati ya mraba na kuufukia juu ya zile nyasi. Linabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Ukisimama mlima wa pili ni kama sega la nyuki. Mvua ikija maji yanakaa shimoni, hayapati mwendo wa kuiba udongo, na nyasi zinaozea chini. Tunaanza na maharage, baadaye mahindi.

Na wazee wetu wanasema tulibanana milimani hivyo kwa sababu ya Wangoni, karne ya 19. Tulikimbia vita, tukakuta mteremko, tukalazimika kuwa na akili. Sasa wewe unaniambia na hao walikimbia vita. Nikiwa mdogo Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja kwetu pamoja na watu wa SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) kuchunguza ngoro. Tulidhani wanashangaa tu. Kumbe labda walikuwa wanakumbuka nyumbani.

Nimeweka picha ya shamba la mama hapo chini. Ukienda tena kwa bibi, mwonyeshe.

#18 Dereva wa IT

Mmatengo umeniliza bila sababu. Na wewe umeweka picha kabla ya mwenye uzi!

#19 Nyumbu Mpole

Mmatengo, nimesoma nikasimama. Nitaenda Novemba, ndiyo msimu wa kufunga zile nyasi. Picha nimeihifadhi.

#20 Mlalahoi Mstaafu

Mkuu Novemba imeingia. Karanga zimeisha.

#21 Nyumbu Mpole

Nimerudi jana usiku, mikono ina malengelenge. Picha nimepandisha 14, Dereva shiba.

Nilimsaidia bibi kukata nyasi siku mbili. Kuzifunga alinikataza, mlundo wangu wa kwanza ulianguka akasema umelewa. Jioni nikamwonyesha picha ya shamba la mama yake Mmatengo. Aliichukua simu, akaenda nayo dirishani penye mwanga, akavaa miwani. Akakaa nayo muda. Akaniuliza shimo lina kina gani, nyasi ni za aina gani, na kwa nini nyasi zinakaa chini ya udongo na si juu. Nilijibu nilichoweza. Akasema anayechimba hivyo lazima mgongo unamuuma hapa, akajishika kiuno. Nikasema ndiyo, bila shaka.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Nguruwe pori na nyani wanammaliza. Ameweka uzio wa umeme na bado wanaingia. Anataka kujua: mama yake Mmatengo anawazuiaje?

#22 Mmatengo wa Litembo

Nimempigia mama simu, nimemweka spika, akacheka mpaka akakohoa. Anasema mgongo ni kweli, na umwambie huyo bibi apake mafuta ya nyonyo.

Nguruwe na nyani hata hapa wapo. Tunatumia mbwa, na zaidi watoto. Wakitoka shule wanakaa shambani na madebe wanapiga kelele mpaka giza. Mwambie hivyo, watoto ndio dawa.

#23 Nyumbu Mpole

Mafuta ya nyonyo nitamtafutia, mwambie mama asante.

Hayo mengine, bibi nitamtajia mbwa tu.